Sentimita Kumi na Tano

Nyumbani walimbandika jina la Kwanini tangu alipojua kusema, na chuo kikuu hakikumponya. Ilipofika wiki ya tatu ya mafunzo yake ya vitendo katika kituo cha hali ya hewa, hata mkuu wa zamu alikuwa amelidaka jina hilo na kulitumia bila haya.

"Kwanini, hebu kaa chini. Wingu halitakuja upesi eti kwa sababu wewe umesimama."

Alikaa, lakini macho yake yalibaki kwenye skrini. Tangu asubuhi walikuwa wakiufuatilia msururu wa ngurumo uliokuwa ukija kutoka magharibi. Onyo la jumla lilikwisha kutangazwa redioni. Kilichobaki ni lile swali ambalo kila anayepiga simu huuliza: utafika kwetu saa ngapi?

Picha ya mvua ilikuwa na zambarau katikati, dalili ya mvua ya mawe. Hata hivyo, iliyomnasa Kwanini ni picha ya pili, ile ya upepo. Ndani yake, kijani ni hewa inayoijia rada na nyekundu ni hewa inayoikimbia. Ukingoni mwa dhoruba, doa la kijani na doa la nyekundu yalikuwa yamebanana bega kwa bega.

"Pale hewa inazunguka, Mkuu. Na chini ya pale kuna nini?"

"Chini ya pale hatuoni. Mwale wa rada unapita juu sana ya mapaa ya watu. Kisulisuli kikigusa ardhi, wenye mapaa watajua kabla yetu."

Mkuu huyo, ambaye wafanyakazi walimwita Rula akiwa hayupo, alikuwa na rula ya plastiki iliyotafunwa pembeni, na ubavuni mwake alikuwa ameandika kwa wino: sentimita moja, kilomita nne. Kompyuta ingeweza kumpigia hesabu, ila yeye alisema kompyuta haijawahi kulowa mvua. Kila baada ya dakika kumi aliiweka rula juu ya skrini. Dhoruba ilikuwa imesogea sentimita mbili na nusu, yaani kilomita kumi: kilomita moja kila dakika. Aliandika ubaoni, kisha akatoka kwenda kujimiminia chai.

Alipotoka, Kwanini alivuta kiti. Alitaka tu kuyaona yale madoa mawili vizuri. Aliikuza ramani mara moja, ikawa kubwa maradufu, na mpaka kati ya rangi hizo ukajitokeza, mwembamba kama ufa wa kikombe. Alianza kuuchora daftarini, akasahau dunia.

Simu iliita wakati Rula anarudi na bilauri yake. Kwanini aliipokea, akafungulia kipaza sauti.

"Kituo cha hali ya hewa, habari za saa hizi."

"Habari njema, mwanangu, ila leo nakupigia kikazi, usiniletee ya nyumbani," alisema mama yake. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa upande ule ule dhoruba ilikoelekea. "Nina watoto mia nne uwanjani, ni siku ya michezo. Zimebaki mbio za kupokezana, kuvuta kamba na zawadi. Nahitaji dakika arobaini na tano. Ninazo?"

Rula aliweka chai chini, akalaza rula kutoka ukingo wa dhoruba hadi alama ya shule. Sentimita kumi na tano.

"Kilomita sitini, Mwalimu. Unayo saa nzima. Maliza michezo yako, kisha uwaingize ndani wote, mbali na madirisha."

"Ahsante, baba. Na huyo binti yangu mpe kazi, akikosa kazi atakuuliza mpaka jina la babu yako."

"Ameshaniuliza," alijibu Rula, na simu ikakatwa.

Dakika tano baadaye picha mpya ilishuka kutoka rada. Kwanini aliomba rula, akapima, akapima tena. Dhoruba ilikuwa imeruka sentimita mbili na nusu ndani ya dakika tano. Moyo wake uliruka pia, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa hofu bali kwa furaha ya kukutana na jambo geni. Je, dhoruba inaweza kuongeza kasi maradufu namna hiyo? Inasukumwa na nini? Lakini mbona umbo lake halikubadilika hata kidogo? Alitafuta jibu kila pembe ya skrini, hadi macho yake yakatua chini kulia, kwenye kile kimstari kinachoonyesha kipimo cha ramani.

Sentimita moja, kilomita mbili.

Dhoruba haikukimbia. Ramani ndiyo iliyokuwa imekuzwa, na aliyeikuza alikuwa yeye. Zile sentimita kumi na tano hazikuwa kilomita sitini. Zilikuwa thelathini, na tano kati yake zilikwisha kuliwa.

Wazo la ripoti yake ya mafunzo lilimpitia kichwani, likiwa na saini ya Rula chini yake. Halikupewa kiti.

"Mkuu, nilikuza ramani sikukwambia. Shule ina dakika ishirini na tano."

Rula alitazama kimstari, akatazama wino wa rula yake. "Miaka kumi na tisa," alisema taratibu, "sijawahi kukiangalia hicho kidude." Kisha akapaza sauti: "Unangoja nini? Piga!"

Simu iliita mara sita. Nyuma ya sauti ya mama yake watoto walikuwa wakishangilia.

"Mama, tumekosea. Mimi nimekosea. Waingize sasa hivi, ile stoo ya vitabu na korido ya ndani, ukumbini hapana, paa lake pana mno."

"Ndiyo kwanza tunashika kamba, mwanangu."

"Iacheni hapo hapo, Mama!"

Mama yake hakuuliza kwa nini. Filimbi ililia mara tatu, na simu ikanyamaza.

Rula aliipigia redio kubadilisha saa ya onyo. Kwanini aliirudisha ramani katika ukubwa wake, akabaki akitazama madoa mawili yakiipita alama ya shule. Rada haikuonyesha chochote zaidi ya rangi. Alisubiri. Chai ya Rula ilipoa ikaota utando.

Simu ilipoita, alidaka kabla mlio haujaisha.

"Wote wapo," alisema mama yake, akihema. "Nimewahesabu mara mbili. Ukumbi hauna paa."

Kwanini alifumba macho. Nyuma yake Rula aliketi kwa kishindo. Binti hakuweza kujizuia.

"Mama, kisulisuli kiliuzunguka uwanja kuelekea upande gani?"

"Yaani huyu mtoto! Hujaniuliza hata kama nimeumia!" Lakini nyayo zake zilisikika zikikanyaga vioo, kisha nyasi. "Ngoja. Ile kamba yetu ya kuvutana imejisokota kwenye nguzo ya goli kana kwamba mtu ameifunga kwa mkono."

"Mizunguko mingapi?"

Rula alisukuma daftari mbele yake, akamwekea kalamu.

"Saba," alisema mama. "Na yote inaelekea upande mmoja. Kwa nini?"