Upenyo kati ya Kucha

Kastabini ilikataa kuingia. Fundi Pima Tena, jina alilopewa na wateja kwa kuwapima hadi wachoke kusimama, alilamba ncha ya kidole, akaisukuma tena. Wapi. Miaka thelathini kikofia hicho cha chuma kilikuwa kikimkinga kidole na sindano. Sasa mkanda wa suruali umerudi ndani matundu matatu, na kidole ndiyo kwanza kinanenepa.

"Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni," alimwambia binti yake. "Mwili unakonda huku, unanenepa kule." Alitaka kucheka, akaishia kukohoa.

Binti hakucheka. Kikohozi kilikuwa na miezi minne, na kila siku baba alisingizia vumbi la vitambaa. Kesho yake binti alifunga kibanda cha ushonaji mwenyewe, akampeleka hospitali.

Daktari, mama asiye na haraka, alianza na vidole. "Mzee, gusanisha kucha za vidole hivi viwili, mgongo kwa mgongo. Unaona upenyo wa mwanga katikati?"

"Sioni kitu."

"Kwa kawaida huwa upo. Ncha za vidole zikivimba hadi ukaziba, huenda kifua kina jambo." Akamwandikia picha ya kifua.

Picha ilipowashwa ukutani, Pima Tena alisahau hata kuogopa. Mbavu zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko mshono wowote aliowahi kuushona. Na juu ya pafu la kulia, doa jeupe, saizi ya kifungo cha koti. Kumbe kifua kilikuwa kinamwita kupitia kidole, naye anagombana na kastabini.

"Ndilo lenyewe?"

"Picha peke yake haitoshi. Tutachukua kinyama kidogo kwa sindano, kikapimwe."

"Sampuli," alisema fundi. "Hapo tumeelewana. Hata mimi sikati kabla ya kupima tena."

Wiki tatu baadaye, vipimo vyote vikiwa mezani, daktari aliwakalisha wawili hao.

"Ni saratani ya mapafu, mzee. Haijasambaa. Tunaweza kuikata."

Binti alianza kulia. Fundi aliogopa, aliogopa sana. Kisha akamvuta binti karibu na dirisha.

"Hebu gusanisha kucha zako."

Akafumba jicho moja, kama anatunga uzi. Kati ya kucha mbili palikuwa na mwanga, mdogo, safi.

"Baba, mikono inachoka."

"Tulia, mwanangu. Napima tena."