Bakuli la Christopha

"Mama yako ameshakula?"

Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza la Baba Mdogo Urbano kwenye simu. Hakungoja hata shikamoo yangu. Nami, nikiwa nimesimama katikati ya soko na mfuko wa mkaa mkononi, nikajua palepale kwamba Christopha amekufa.

Kwetu mtu mzima akikuuliza hivyo, kwa sauti ile ya kushuka, haulizii chakula. Mtu haambiwi msiba wake akiwa na njaa. Analishwa kwanza, hata kama ni uji tu, ndipo wazee wanaingia, wanakaa, wanakohoa, wanasema. Sababu yake haina maajabu: ukishaambiwa hutakula tena, na kilio kinataka nguvu.

"Bado," nikasema. "Huwa anakula jioni tu."

"Basi kampikie. Mimi na mjomba wako Nestory tuko njiani. Tutasimama nje, pale ukutani kwa Mama Shija, mpaka utoke utuite. Na usilie, Kalista. Ukilia sasa hivi atakuona macho."

"Amekufaje?"

"Malaria. Huko huko Kongo. Dereva wa lori moja amemleta mpaka Tunduma, kesho asubuhi gari litakuwa hapa. Kampikie mama yako."

Akakata. Nilitaka kumpigia tena nimtukane, yeye na wazee wote wa ukoo, kwa kunipa mimi kazi hiyo. Halafu nikaona mwanamke mmoja anauza machungwa yaliyopandishwa kutoka bondeni, nikanunua mawili. Sijui kwa nini. Christopha alikuwa anapenda machungwa, labda ndiyo sababu.

Christopha ni mdogo wangu, wa mwisho kwa Mama. Alikuwa utingo wa lori, wanapeleka mahindi Kongo. Alizoea kupiga simu kila Jumapili, anatania, anamwambia Mama amwekee mguu wa kuku. Mwanzoni mwa mwaka huu simu yake ikazimika. Dereva wake wa zamani akasema kijana amehamia gari lingine, wa gari lingine akasema hamjui. Jumatano ya Majivu Mama alirudi kanisani na paji la uso lina alama, akasimama mbele ya picha ya Bikira Maria sebuleni, akaweka nadhiri kwa sauti ambayo hata majirani walisikia. Hatagusa nyama, wala samaki, wala yai, wala maziwa, mpaka Christopha arudi nyumbani.

Tulidhani ni ya Kwaresima. Pasaka ikafika, mtaa wetu wote wa Malangali ukanuka kuku, Mama akala maharage. Mama Shija, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, alikuwa anamletea maziwa ya mgando kila asubuhi. Mama akawa anayapokea, anashukuru, ananipa mimi. Hata asali aliikataa. Nikamwambia, "Mama, nyuki si mnyama." Akanijibu, "Kwani ni mmea?" Tukabishana wiki nzima juu ya nyuki, na asali ikabaki kabatini.

Akaanza kukonda. Mimi nina mdomo, sikatai, nilimgombeza weee, lakini nadhiri ya Mama haivunjwi kwa makelele. Ndipo nikakumbuka yale mambo ya semina ya lishe parokiani, ambako sista mmoja alitufundisha kutengeneza tofu. Soya tunayo, tunalima shambani kwetu Mollo, kila mwaka tunawauzia watu wa chakula cha kuku. Unailoweka, unaisaga, unachemsha, unakamua kwa kitambaa, unagandisha yale maziwa kwa limau, halafu unakandamiza kwa jiwe mpaka maji yatoke. Mara ya kwanza Mama aliionja akasema ina ladha ya shati jipya. Nilikasirika nikataka kumwaga yote. Lakini nilipoikaanga na kuirosti kwa limau na sukari, akala, akasogeza sahani kuomba nyingine. Tangu hapo tukaiita nyama ya Kalista.

Na kila jioni, kabla ya kula, Mama alitoa vipande viwili au vitatu vilivyo vizuri kuliko vyote, akaviweka kwenye bakuli la bluu, akalifunika na kisahani. Bakuli la Christopha. Akija usiku, asikute nyumba haina kitu. Asubuhi nilikuwa nakula mimi, vimeshapoa, huku nimesimama.

Sasa ninyi fikirieni. Nimwandalie mtu chakula cha kupokelea msiba, na mtu mwenyewe ni Mama. Yeye ndiye aliyekuwa anaitwa. Mtu akifiwa mtaani kwetu, au hata Msanzi kwa ndugu zetu, walikuwa wanamtuma mtoto kwa Mama: njoo umpikie fulani, hajaambiwa bado. Mama alikuwa anaingia jikoni kwa mtu, anaongea habari za mbolea na mvua, anahakikisha mtu amekula, ndipo anafungua mlango. Mara moja nilifuatana naye, na tukiwa tunarudi akaniambia, "Usimsihi mtu ale. Ukimsihi, umeshamwambia." Baba alipofariki, yeye mwenyewe hakupata wa kumfanyia kazi hiyo. Mpumbavu mmoja alimwambia asubuhi akiwa hajatia hata chai mdomoni, hakula tena mpaka mazishi, na pale makaburini alianguka, tukawa tunabeba wawili. Hilo ndilo nililoliogopa. Alivyokonda sasa, angeanguka asiinuke.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa mlangoni mwa jiko, amejifunga vitenge viwili mabegani kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, anachambua maharage ya mbegu.

"Umechelewa," akasema.

"Foleni ya mkaa."

Nikawasha jiko haraka. Tofu ilikuwepo tangu asubuhi, kwenye ndoo ya maji. Nikaitoa, nikaikamua maji kwa kitambaa, nikaikata vipande vinene kama kidole gumba, nikavigaragaza kwenye unga wa mahindi wenye chumvi. Mafuta ya alizeti yalipochemka nikavitia. Kazi ya tofu ndiyo hiyo tu, haitaki kusubiriwa kama maharage, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa hilo. Vipande vikaanza kuwa na rangi. Pembeni, kwenye kisufuria, nikaanza kukamulia machungwa.

Kelele za maharage ya Mama kwenye ungo zikakoma.

"Machungwa leo?"

"Yalikuwa yanauzwa."

"Siku zote huwa yanauzwa."

Nikaongeza limau, sukari, kitunguu saumu nilichotwanga, tangawizi, chumvi kidogo. Nikakwangua na ganda la chungwa lile la juu, maana harufu iko huko. Rojo likaanza kutoa mapovu, likawa zito, nikichota linang'ang'ania mwiko. Machozi yalinijia nikasingizia moshi. Jiko lenyewe la mkaa, moshi uko wapi.

"Mama Shija leo hajafungua redio," Mama akasema.

"Labda betri."

"Redio yake ni ya umeme, Kalista."

Nikamwaga vipande vya tofu kwenye rojo, nikavigeuza mpaka vyote vikavaa ile rangi ya machungwa. Nikasonga ugali wa ulezi kwa hasira, kama nampiga mtu. Nikaandaa mezani, nikamnawisha mikono, nikaleta bakuli la bluu kama kawaida. Mama akachagua vipande vitatu, akaviweka, akafunika. Alifanya kama jioni zote. Nikapata tumaini kwamba hajui.

Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaiegemeza mikono mezani.

"Unajua, naona leo sina hamu. Nipe chai tu."

Nje giza lilikuwa linaingia na upepo ulikuwa unapuliza kutoka upande wa milimani, nami nilijua wazee wawili wamesimama kwenye upepo huo ukutani. Nilitaka kumpigia magoti. Nilitaka kusema Mama tafadhali, kula, hata matonge mawili, nakuomba kwa jina la Mungu. Lakini hilo ndilo neno lenyewe lisilosemwa. Basi nikafanya kile ninachofanya kila siku. Nikagomba.

"Haya, usile! Mtu nimesimama na jiko tangu nimefika, nimekwangua vidole na maganda, halafu unaniambia chai! Nitampa mbwa wa Mama Shija. Mbwa hana makuu. Kesho upike mwenyewe hiyo chai yako, na kesho kutwa, na..."

Hapo kwenye kesho sauti ikakatika. Nikajifanya nakohoa.

Na palepale, nje, kuna mtu naye akakohoa. Kikohozi kirefu chenye kukwaruza mwishoni, cha mtu aliyevuta tumbaku tangu ujana. Malangali hakuna mwingine anayekohoa hivyo zaidi ya Mjomba Nestory, na Mama alizaliwa naye nyumba moja.

Mama akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama jinsi alivyonitazama siku ile nilipovunjika mkono nikiwa mdogo, kabla hajanigusa, akiwa anapima wapi panauma. Kisha akavuta sahani karibu.

Akakata tonge, akalichovya kwenye rojo, akala. Akachukua kipande cha tofu, akatafuna polepole. Nikaogopa hata kupumua. Nikawa nakula na mimi, sijui nilikula nini, huku nikisema maneno ya mbolea, kwamba ya ruzuku imechelewa, kwamba watu wa Mollo wanalalamika. Mama akaitikia. Akauliza kama soya tumeiweka mahali pakavu. Nikasema ndiyo. Akaendelea kula. Alikula ugali wake wote, akala na vipande vyote, akapangusa rojo la mwisho kwa kidole kama mtoto.

Alikula vile kwa ajili yangu, ili kazi ile isinishinde. Nilikuja kulielewa hilo baadaye, lakini pale nilichoona ni sahani tupu tu, na kifua changu kikawa chepesi kidogo kwa mara ya kwanza tangu sokoni.

Halafu akanyoosha mkono, akalivuta bakuli la bluu.

Tangu Jumatano ya Majivu hakuna aliyeligusa bakuli hilo usiku. Mama akaondoa kisahani, akakiweka kando. Akatoa kipande cha kwanza, akakila. Akatoa cha pili. Alikuwa analia sasa, machozi yanashuka bila sauti mpaka kidevuni, na bado anatafuna, anameza, anatafuna. Cha tatu alikishika muda kidogo mkononi, rojo likamchirizika kwenye kiganja.

"Machungwa," akasema. "Angekipenda hiki."

Akakila.

"Mama..."

"Nimeshiba, Kalista. Umenilisha vizuri. Mimi mwenyewe nisingeweza kufanya zaidi." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Haya, kawaite waingie. Nestory ana kifua, na wewe unamwacha kwenye baridi hii."

Nikashindwa kuinuka. Nililia pale pale mezani, kichwa juu ya mikono, nikalia kwa kelele kama nilivyotaka kulia sokoni, na ni Mama aliyenipigapiga mgongoni, mama aliyefiwa ananibembeleza mimi. Hatimaye yeye ndiye aliyekwenda mlangoni akawaita.

Wakaingia wameinamisha vichwa, makoti yao yamelowa umande. Wakakaa. Baba Mdogo Urbano akasafisha koo, akatazama sakafu, akaanza maneno yale yanayoanzwa siku zote.

"Shemeji, sisi wanadamu..."

"Anafika saa ngapi?" Mama akamuuliza.

Baba Mdogo akanitazama mimi, akidhani nimemwambia. Nikatikisa kichwa.

"Asubuhi, shemeji," akasema. "Saa tatu hivi. Wameshatoka Tunduma."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa mapajani, bado inanukia chungwa. Nje tukamsikia Mama Shija analia, maana naye alikuwa anangoja ruhusa ya kulia.

"Mtachinja?"

"Ndiyo. Baba Shija ametoa dume moja."

"Basi kesho mnitolee na mimi nyama," Mama akasema. "Nilisema mpaka arudi nyumbani. Sikusema arudi vipi."

Mjomba Nestory akavua kofia akajifunika nayo uso. Mimi nikakusanya vyombo, kwa sababu watu wangeanza kuja na nyumba ilipaswa kuwa safi. Nikaosha sahani ya Mama, nikaosha yangu. Nikalisuuza bakuli la bluu, nikalifuta, halafu nikasimama nalo mkononi jikoni, maana sikujua niliweke wapi.