Mbegu za Katikati

Maji ya chai yalipoanza kuchemka, mgane alivuta kigoda cha pili karibu na moto. Marehemu mkewe hakupenda kukaa chini. Alikuja kama alivyokuja kila asubuhi tangu azikwe, akakung'uta udongo miguuni, akachukua hindi.

"Za ncha za chunguni, za kitako za chunguni," alisema huku akipukuchua. "Za katikati ndizo mbegu."

"Najua, mama watoto."

"Kujua unajua. Mkono ndio mzito."

Zamani mahindi ya mbegu ya mkewe yalining'inia hapo juu ya moshi, meusi kwa masizi, na hakuna funza aliyethubutu kuyasogelea. Kisha bwana shamba akaja na wakubwa wawili wa kampuni wenye viatu visivyojua tope, wakaleta mbegu za maabara. Funza hawazigusi, walisema, njaa itabaki hadithi. Za kizamani zikusanywe zichomwe, zisije zikachanganyika na mpya. Mkewe alikuwa kitandani, hajiwezi. Mgane mwenyewe alipanda juu ya kigoda akazitungua.

Wakubwa hawakudanganya yote. Mahindi yalitoka manene kama mkono wa mtu. Ila ukizifukia punje zake msimu wa pili, zilirudi kwa mwenyewe. Asubuhi hiyo, mvua ya kupandia ikiwa imeshanyesha, zile alizopanda jana zilifukua udongo, zikajipanga mstari, zikashika njia ya ghala la kampuni. Mgane akazifuata. Jirani alimshika kuku wake mpaka zipite.

"Zako hizo, mzee?"

"Zangu zingekaa."

"Lakini kula unakula."

"Nakula. Wameniachia shibe ya leo, wakaondoka na kesho."

Ghalani, karani alizifungulia mlango zikaingia, kisha akamwambia kwa adabu kwamba mbegu zipo, za kununua, kama mwaka jana. Mwaka jana alikuwa na mbuzi wa kuuza. Sasa alikuwa na kamba ya mbuzi. Mvua ingepita shamba likiwa tupu.

Aliporudi, mkewe alikuwa bado anachambua.

"Zile zako za juu ya moto," mgane alisema. "Ni mimi niliyewapa."

"Nilijua. Moshi ulinifikia kitandani."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Walikuambia ni kwa ajili ya njaa, na njaa ulikuwa unaijua." Akamsogezea ungo wa punje za katikati. "Haya, kapande."

"Zitaondoka."

"Kapande, mume wangu. Mvua haimngoji mtu."

Alipanda mpaka jua likamchoma mgongo.

Kesho yake alidamka, akafagia njia kutoka shambani mpaka barabarani, akaondoa mawe na miiba, maana mkewe alimfundisha tangu ujana wao kwamba mbegu haikanyagwi. Zilipoanza kupita, alisimama pembeni, akavua kofia.