Pete ya Kambale

Pale Bwera, mlangoni kwa sonara, mdogo wangu Emérance alinivuta mkono. "Yaya, twende tu Kasese. Kule banalipa muzuri kupita huyu muzee."

"Usinitajie Kasese!" nilimfokea mbele za watu.

Duka la Kasese hung'arisha dhahabu ya watu na kuiuza tena vilevile. Mwezi uliopita niliwauzia herini zangu. Jumapili iliyofuata nikaziona kanisani, zinaning'inia kwenye masikio ya mwanamke aliyenichukulia mume wangu Kambale. Padri aliposema tutakiane amani, mwanamke huyo akanigeukia, akanipa mkono, anatabasamu!

Sonara wa Bwera aliigeuza pete yangu ya ndoa. Ndani iliandikwa jina la Kambale.

"Mama, hii ni kazi safi. Kuiyeyusha ni dhambi. Niachie nzima, nitakuongezea pesa."

"Ongeza moto!"

Akaitia kwenye kikombe cha udongo, akapuliza makaa. Nilisimama palepale, moshi ukiniingia machoni, mpaka jina likalegea, likazama, likaisha.

"Tumepata hasara, yaya," Emérance alinong'ona.

"Hasara gani? Jumapili na aje tena anitakie amani."