Kioo Kilichorudi Mgongoni

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tisa Machi, mchana, watu wamejaa ukumbini hadi mlangoni. Kabla ya hapo Polepole alidhani dunia imekwisha kumpiga. Mke wake alikufa Novemba, na mtu aliyekwisha kulowa hujiambia haogopi tena mvua. Lakini dunia haina adabu. Humpiga hata aliyelala chini.

Jina la Polepole alipewa na wapagazi wenzake katika nyumba ile ya mnada wa vitu vya kale, kwa sababu kila mzigo akiubeba, hata ukiwa mto wa kochi, alinong'ona "polepole, polepole," kama mtu anayetuliza punda. Makabati ya marehemu, saa za ukutani zilizochoka kusema, santuri, birika za fedha, vyote vilipanda jukwaani kwa mgongo wake. Kusoma, alisoma namba na jina lake basi. "Shule niliiona," alipenda kusema. "Nilipita nje yake nimebeba meza."

Katika nyumba ile kitu kikubwa hakionyeshwi kabla ya wakati wake. Hupandishwa jukwaani kimefunikwa kitambaa cheusi, mpagazi akasimama kando ameshika ncha. Dalali akisema "tuone," mpagazi huvuta kitambaa, na baada ya hapo hafungui mdomo. Hiyo ilikuwa sheria ya meneja, waliyemwita Funguo kwa lile shada la funguo la kiunoni lililofika mahali kabla yake. "Mpagazi jukwaani ni msumari," alikuwa amewaambia. "Nani amewahi kusikia msumari ukiongea?"

Alhamisi ile mzigo ulitoka stoo umekwisha kufungwa mablanketi.

"Huu abebe Polepole," alisema Funguo. "Asiguse mwingine."

"Kwani wenzangu wameota miiba mikononi?"

"Beba tu, mzee."

Akapitisha ukanda kifuani, akainuka. Hapo hapo kinundu kikamgusa chini ya bega la kushoto, juu ya kovu lake la zamani. Akasita. Mgongo wa mpagazi una kumbukumbu zake, na hauombi ruhusa kwa mwenyewe. Kisha akajicheka kimoyomoyo. Tangu Novemba hata ufagio ulimkumbusha nyumbani.

Kovu lile lilitokana na kioo cha kuvalia, kirefu, chenye fremu ya mti na maua ya kuchonga, ua moja likiwa limevunjika na kubaki kinundu. Alikinunua kwa muuza vitu chakavu wiki aliyooa, akakibeba mgongoni hadi chumba chao cha kwanza, uso wa kioo ukitazama nyuma. Mke wake alimfuata akifunga kilemba humo humo njiani, watu wakiwacheka. "Usitikisike, mume wangu, sijamaliza," alimwambia. Kinundu kilimchubua hadi damu, naye hakutikisika.

Tangu siku hiyo mke alifunga kilemba mbele ya kioo kile kila asubuhi, mkono mmoja umeegemea fremu upande wa kushoto, kwa kuwa nyonga ilimsumbua. Miaka ikapita, pale mkono uliposhika pakawa peusi, panang'aa kwa mafuta. Polepole akiamka usiku kunywa maji, alipapasa pale kama wengine wanavyopapasa swichi ya taa.

Kisha mke akaugua. Polepole akaomba ruhusa akae naye. Funguo akampeleka mbali kufungasha nyumba ya jaji aliyefariki, vitu vya thamani, eti vinahitaji mikono ya kuaminika. "Mgonjwa ana majirani," alisema. "Nyumba ya jaji haina mtu." Polepole akaenda, maana maskini akigoma hujigomea mwenyewe. Aliporudi alikuta ukutani alama nyeupe, ndefu, mahali kioo kilipokuwa.

"Kiko kwa fundi," mke alimwambia kutoka kitandani. "Kilibanduka mgongoni kama wewe."

Hakikurudi. Mke akazikwa, na Polepole akazunguka kwa mafundi wote wa mji ule, mmoja baada ya mwingine, akiuliza. Wote walitikisa kichwa. Mmoja alimpa pole na kiti.

"Tuone," alisema dalali Alhamisi ile.

Polepole akavuta kitambaa.

Kwanza aliona mzee mwenye kitambaa cheusi mkononi, na nyuma ya mzee huyo safu za watu wanaonyoosha shingo. Halafu akaliona ua lililovunjika. Macho yakakimbilia upande wa kushoto wa fremu, na pale hapakuwa na kitu. Walikuwa wamepiga msasa, wakapaka vanishi. Mkono wa mke wake ulikuwa umefutwa, mahali pake pamekuwa pekundu na papya kama kidonda kilichobanduka gamba.

"Hiki changu," alisema.

Dalali akacheka na wateja wake. "Jamani, hata msumari umekipenda. Nani anamzidi Polepole?"

Ukumbi ukacheka. Mikono ikapanda.

"Nasema changu. Kilitoka nyumbani kwangu, kikaibwa." Akamwona Funguo anakuja pembeni mwa jukwaa, shada linalia. "Na mwizi huyu hapa. Mwenye funguo za kila mlango."

Kicheko kikakatika. Dalali, ambaye kazi yake ni kutoacha ukimya ukae, akaharakisha mbio mbio, akagonga nyundo. Kioo kikawa cha mama mmoja mnene, mwenye saluni.

Walimkalisha mapokezi. Funguo alisimama juu yake. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Ningekuwa na roho nyingine ungekuwa umeshatoka getini."

"Nani amekileta?"

"Jina la muuzaji halitajwi. Unaijua sheria."

"Sheria zenu zinajua kufunika tu."

Mama wa mapokezi, rafiki wa miaka mingi wa marehemu mke wake, akaondoka nyuma ya meza yake, akavuta kiti karibu.

"Shemeji," alisema. "Alikileta mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mkeo. Wewe ukiwa kwa jaji."

"Mke wangu wakati ule hata kikombe kilikuwa kinamponyoka."

"Alikuja juu ya mkokoteni, amekaa kando ya kioo kama bibi harusi. Akakaa hapo hapo ulipokaa." Akafuta macho kwa kiganja. "Alisema kisiuzwe mpaka awe amekwenda. Na siku hiyo ukibebe wewe, wengine watakivunja."

Polepole alimtazama kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akacheka, unamjua. Akasema, 'Yule nikifa ataoa hicho kioo. Atakaa mbele yake kutwa, akinisubiri nitokee.'"

Funguo alichezea shada lake. "Aliniapisha, mzee. Ningefanya nini?"

"Ungeniacha nyumbani," alisema Polepole, bila kupaza sauti. "Wiki zile angekuwa na mimi wa kuambiwa. Akakosa mume, akaja kuongea na ofisi."

Meneja aliliachia shada likaning'inia. Funguo zote zile, na hakuna hata moja ya mlango huo.

Mama wa saluni alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Baba," alisema, "kama ni cha marehemu, kichukue. Sitaweza kusuka watu mbele yake."

 Mikono ya Polepole, iliyokwisha kunyanyuka kupokea, ilirudi magotini.

"Mwenyewe ameshauza," alisema. "Nikikirudisha nitakuwa nimembishia, na safari hii hawezi kunijibu. Gari lako liko wapi?"

Hakutaka mablanketi. Alikibeba kitupu, uso wake ukitazama nyuma kama siku ile, kinundu juu ya kovu. Alipita koridoni, akapita geti, akinong'ona "polepole." Humo kiooni kulikuwa na nini, aliyekibeba hawezi kuona. Alijua tu kwamba hakuna anayefunga kilemba.

Alikifunga kamba kwenye gari kwa mafundo yasiyolegea, akabaki ameshika fremu hadi dereva alipowasha. Tangu hapo ana swali moja, na amelipeleka kwa kila aliyekuwepo siku mke wake alipokuja. Mama wa mapokezi alikuwa ameinamia simu. Askari alikuwa akihangaika na geti. Mwenye mkokoteni anasema yeye hutazama mbele, nyuma ni kwa abiria. Funguo anasema akishaapishwa alirudi ofisini; wakubwa huwa hawapo.

Mke wake alipokiacha, akafika mlangoni, aligeuka kukitazama?