Sare ya Dereva Luanda Kotieno

Kufikia mwaka wa sitini na nane nilikuwa nimefutwa kazi mara tatu, na mara zote tatu kosa lilikuwa mdomo wangu. Sikuwahi kupindua lori. Sikuwahi kulewa. Lakini tajiri akisema tupite huku, mimi nilikuwa na sababu nne za kupita kule, na nilizitaja zote.

Kwa hiyo Bwana Mureithi aliponichukua niendeshe lori lake la samaki, mke wangu Seline alinipeleka kwanza mbele ya wazee wa kanisa. Tulipiga magoti wote wawili. Niliahidi mbele za Mungu kwamba kwa mwaka mzima sitabishana na tajiri wangu. Mzee mmoja aliuliza kama mwaka si mrefu mno kwa mtu kama mimi. Nilianza kumweleza kwa nini si mrefu, Seline akanifinya.

"Ukifutwa tena," aliniambia tukirudi nyumbani, "mimi na watoto tunakwenda Alego kulima. Wewe utabaki hapa Kisumu ubishane na kunguru."

Nilishika ahadi yangu miezi mitano. Ndipo sare ikaja.

Bwana Mureithi alikuwa mtu wa Nyeri. Alikuwa na duka karibu na soko la Kibuye na lori moja, na lori hilo alilipenda kama mtoto wa kwanza. Jumatatu moja alituita dukani, mimi na mpakiaji wangu Wasike, mzee wa Bungoma ambaye alikuwa amebeba mizigo tangu mimi sijajua kutembea. Juu ya meza palikuwa na nguo zimekunjwa. Shati la kaki lenye vipande vya mabegani na vifungo vya shaba. Kaptula ya kaki, imetiwa wanga hata ingeweza kusimama peke yake. Soksi ndefu za kufika magotini. Buti nyeusi. Na kofia ya kaki yenye beji mbele.

"Madereva wa Nairobi wanavaa hivi," alisema. "Wewe Obiero unaendesha gari langu na fulana yenye madirisha."

Ni kweli fulana yangu ya kazi ilikuwa na matundu. Pamoja nayo nilivaa suruali kuukuu, akala za mpira wa gurudumu miguuni na taulo shingoni ya kufutia jasho. Niliona sababu saba za kuikataa ile sare, ya kwanza ikiwa ni joto la injini. Nilizimeza zote saba kama kwinini.

"Alhamisi," akaendelea, "Mama Gakenia anakuja kutoka Nakuru. Ana hoteli huko. Anataka samaki wa ngege kila wiki. Saa tisa kamili aone lori, aone dereva, aone samaki. Sare unaivaa hapa, unaivulia hapa. Njiani huvui hata soksi. Samaki ikikosa au sare ikikosa, rudisha ufunguo. Umesikia?"

"Ndiyo, Bwana."

"Hakuna neno?"

"Hakuna."

Alinitazama kwa mashaka, maana sifa zangu alikuwa amezisikia.

Alhamisi asubuhi tulipakia vipande vya barafu, tukavifunika kwa magunia, tukaondoka. Buti zile zilikuwa na soli nene kama tofali. Mguu wangu uliozoea akala haukujua tena klachi iko wapi na breki iko wapi. Pale Otonglo, mama mmoja alivuka barabara na kikapu cha mboga. Nikakanyaga, na sijui nilikanyaga kipi, lakini Wasike aliondoka kwenye kiti akabusu kioo.

"Pole, Mzee."

"Usijali," alisema akipapasa paji la uso. "Nilikuwa nataka kuona mbele vizuri."

Wanawake wa soko la pale walisimama wakaniinamia vichwa. Mmoja alificha chupa ya pombe nyuma ya nguo zake. Nilifikiri wameheshimu sare. Nilinyoosha shingo kidogo. Mungu anisamehe, hata honi nilipiga.

Kisian tulikata kushoto tukaingia barabara ya changarawe. Vumbi liliingia, jasho likatoka, na wanga ule wa kaptula ukageuka kuwa uji. Wasike aliimba nyimbo za kanisa la kwao. Tulifika Luanda Kotieno saa nne na nusu.

Kwa kawaida tukifika pale, watu huja mbio na makarai hata kabla sijazima injini. Siku ile nilisikia filimbi moja tu, kali. Kisha sauti ikalia, "Bwana Samaki! Bwana Samaki!"

Bwana Samaki ni afisa wa uvuvi. Huvaa kaki, kofia na soksi ndefu. Kazi yake ni kupima matundu ya nyavu na kukamata zenye matundu madogo, na ule mwezi nyavu za Luanda Kotieno zilikuwa na matundu ambayo hata kidole changu kidogo kisingepita. Nilikuwa nikija pale kila wiki, na jambo hilo nililijua kama nijuavyo jina la mke wangu. Lakini sikuliwaza hata mara moja tangu Kisumu. Nilikuwa nikiwaza buti.

Ufuo mzima uliruka. Wanaume walibeba nyavu wakaingia nazo kwenye mitumbwi na kusukuma majini. Mmoja aliukalia wake akaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mwingine aliusukumia wake ndani ya sufuria ya uji wa mtu. Kufumba na kufumbua, wanaume wote walikuwa mbali majini, wakituangalia, na ufuoni walibaki wanawake, mbwa na yule mgonjwa.

Nilishuka. Mama Dorca, aliyekuwa mkubwa wa wachuuzi pale, alinijia akikunja mikono kwa adabu, macho yakiwa chini.

"Karibu Bwana Mkubwa. Hapa hakuna mtu anavua. Sisi ni watu ya kulima tu."

Nyuma yake palikuwa na marundo ya ngege, wengine bado wanapiga mikia.

"Na samaki hawa, Mama?"

"Hao walikuja wenyewe."

Wasike alianza kukohoa. Mama Dorca akainua macho, akaniangalia kutoka buti mpaka kofia, kisha usoni. Akashika mdomo.

"Woi! Baba Apiyo! Obiero, ni wewe? Umeandikwa na serikali?"

"Sijaandikwa! Ni tajiri wangu amenivalisha. Waite watu, Mama, barafu inayeyuka."

Mama Dorca akaenda mpaka kwenye maji akapaza sauti kwamba ni Obiero tu, dereva wa Mureithi. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalianza. Mvuvi mmoja anayeitwa Joram, mwenye mtumbwi mkubwa kuliko wote, alijibu kutoka huko majini:

"Tunaona ni Obiero! Ndiyo maana hatuji! Wameona Bwana Samaki wa zamani hajui nyumba zetu, wakachukua huyu tunakula naye!"

"Joram!" nikapiga kelele. "Mimi ni dereva!"

"Hata yule wa mwaka jana alisema yeye ni fundi wa baiskeli!"

Hapo mdomo wangu ukafunguka. Miezi mitano ya kunyamaza ilitoka yote pamoja. Niliwaeleza kwamba kaki si serikali. Niliwaeleza tofauti ya beji na beji. Niliwaambia kwamba wanapoteza wakati, kwamba hawana akili, kwamba mtu asiye na hatia hakimbii, na hilo la mwisho nililisema nikiwanyooshea kidole. Mitumbwi ikarudi nyuma zaidi.

"Obiero," Wasike alisema polepole, "kila ukiongea unafanana na serikali zaidi. Ukinyamaza unafanana na mtu kidogo."

"Basi nifanye nini, Mzee?"

"Vua."

"Nimeambiwa nisivue."

"Mureithi yuko Kisumu. Vua, tupakie, vaa tena. Nani atajua?"

Maji ya barafu yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye lori na kuchora mfereji mchangani. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Niliwaza ufunguo, nikawaza Seline akifunga vyombo vya kwenda Alego. Nikaenda nyuma ya lori nikapiga magoti, nayo kaptula ikalalamika. Nikamwambia Mungu kwamba nimepewa amri mbili na tajiri mmoja, na zimekataa kukaa pamoja. Nikamwambia mdomo wangu umeshindwa, kama kuna kiungo kingine anaweza kukitumia, achague.

Niliposimama, nilimwona Mama Dorca akijitwisha karai la samaki mwenyewe, kwa hasira, alipeleke kivulini. Nikajua la kufanya, na sikulipenda.

Dereva habebi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu sote madereva wa malori wakati ule. Dereva hukaa kivulini, hunywa chai, husema "pandisha" na "bado". Katika miaka kumi na moja ya usukani sikuwa nimegusa samaki ambaye hayuko kwenye sahani. Na kama dereva habebi, afisa wa serikali ndiyo kabisa. Hakuna mtu katika ziwa lile aliyewahi kuona Bwana Samaki amebeba hata kalamu yake mwenyewe, ilibebwa na karani.

"Mama, nitwike."

"Nikutwike nini?"

"Karai."

"Toa kofia kwanza."

"Kofia haitoki."

Alinitwika karai juu ya kofia. Lilikuwa zito kama dhambi za mtu mzima. Hatua ya kwanza, maji ya samaki yakashuka nyuma ya shingo. Hatua ya pili, yakaingia kifuani, yakapita kwenye vifungo vya shaba kimoja kimoja. Hatua ya tano, ngege mmoja aliye hai akaruka, akanipiga kofi la mkia shavuni, akaanguka ndani ya soksi yangu ya kulia. Sikusema neno. Niliendelea kutembea mchangani kwa buti zile, mguu mmoja ukiwa na samaki anayecheza.

Kisha yule mgonjwa wa malaria akaangua kicheko hata akaanguka kutoka juu ya wavu wake.

"Serikali imebeba karai!" alipiga kelele. "Njooni muone!"

Nikapandisha karai la kwanza, nikarudi kuchukua la pili. Kicheko kikavuka maji. Nilisikia mitumbwi ikigonga mchanga. Joram alikuja mpaka karibu, akanizunguka mara moja kama mtu anayenunua ng'ombe, akanichomolea yule samaki kwenye soksi.

"Huyu si Bwana Samaki," alitangaza. "Bwana Samaki angemwandika samaki huyu kwenye kitabu. Obiero, kwa nini hukusema?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu sita. Nikainama nitwikwe karai la tatu.

Walipakia lori lile kwa muda mfupi kuliko siku zote, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa kuniona nikibeba. Barafu iliyobaki ilitosha kufunika safu ya juu, na Wasike akalowesha magunia. Tuliondoka saa saba kasoro. Barabara nzima nilisali kwa ajili ya magurudumu, na Wasike alisali kwa ajili ya dirisha, ambalo hakulifunga hata mara moja kwa sababu ya harufu yangu.

Saa tisa kasoro dakika tano tuliingia uani Kibuye. Bwana Mureithi alikuwa amesimama na mama mnene mwenye mkoba mweupe. Nilishuka nikasimama wima. Magamba ya samaki yalikuwa yameng'ang'ania shati na kofia, na jua lilipoyapiga nadhani niling'aa kuliko Bwana Mureithi alivyotarajia.

"Obiero!" alisema kwa sauti ndogo ya kutisha. "Umefanya nini nguo yangu?"

Nikanyamaza. Wasike ndiye aliyesimulia, na alisimulia vizuri mno, hata mahali pa soksi alipaigiza.

Mama Gakenia hakucheka. Alipanda kwenye gurudumu, akafunua gunia, akafungua matamvua ya ngege mmoja baada ya mwingine kwa kidole. "Ni mekundu, samaki bado wabichi," alisema. "Hawa nawachukua. Wiki ijayo pia." Kisha akanigeukia mimi, akarudi hatua mbili. "Lakini Bwana Mureithi, huyu asiingie jikoni kwangu hivi. Wageni watafikiri ndiye chakula."

Alipokwenda ndani kuosha mikono, tajiri wangu aliniuliza, "Kwa nini hukuivua tu?"

"Ulisema nisivue, Bwana."

Alitazama kofia. Alitazama buti. Mwishowe akauliza swali ambalo hakuna tajiri aliyewahi kuniuliza:

"Basi sema wewe. Dereva wa lori avae nini?"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa mitumbwi. Nilisali moyoni, sala fupi, nikasema polepole kama mtu anayepita kwenye daraja bovu. Nikasema viatu vya soli nyembamba, mguu uweze kusikia breki. Suruali ndefu ya pamba, kwa sababu ya joto la injini. Shati lolote zima, lisilo la kaki. Taulo. Kofia ya majani ikiwa jua ni kali. Nikanyamaza hapo hapo, ingawa nilikuwa na mengine.

"Sawa," alisema Bwana Mureithi.

"Sawa, Bwana?"

"Sawa yote. Lakini soksi ndefu zibaki. Nimenunua jozi nne."

"Lakini Bwana, soksi na suruali ndefu..."

Wasike alikanyaga mguu wangu kwa nguvu zake zote za Bungoma.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Nilivaa soksi zile miaka miwili, ndani ya suruali, kwenye joto la ziwa. Nisiseme uongo: kwa mbu wa Luanda Kotieno zilinisaidia sana.