Dakika Moja ya Kusimama

Asubuhi ya kikao cha baraza, Diwani alikwenda kunusa. Hilo ndilo neno walilokuwa wakilitumia wawili hao, yeye na diwani mwenzake wa kata ya jirani: kabla ya kwenda kusikiliza ripoti zilizopigwa pasi, wapite kwanza kwenye majengo yenyewe wayanuse. Sasa mwenzake alikuwa kaburini tangu mwanzo wa mvua, na Diwani ananusa peke yake, mtandio puani, roho imemchafuka kabla hata ya chai.

Alianzia kituo cha vijana, kile kilichokatiwa utepe kwa mbwembwe na vipaza sauti. Kilikuwa kimegeuka bohari la mbolea. Meza ya mpira wa mezani ilikuwa imebebeshwa magunia mpaka miguu imepinda, na mlinzi alimweleza bila haya kwamba mzigo ni wa mkubwa mmoja, anauhifadhi tu kwa muda. Muda gani, mlinzi hakujua. Maktaba ilikuwa na kufuli lililoota kutu na vitabu vilivyoliwa na mchwa kuanzia jalada mpaka shukrani. Uwanja wa watoto ulikuwa umejaa magari ya maofisa, na bembea mbili zilizobaki zimefungwa kamba ya kuanikia taulo za kufutia vioo. Kwenye ripoti ya leo kila mradi uliandikwa neno moja: umekamilika.

Mwisho akafika sokoni. Huko hakukuhitaji kunusa, harufu ilimpokea barabarani. Choo cha soko zima kilikuwa mashimo mawili nyuma ya ukuta, mlango wa bati umeng'oka na kuegeshwa pembeni. Maji machafu yalichirizika mpaka kwenye meza za wauza mboga, na inzi walihama kutoka huku kwenda kule bila kubagua. Mwanamke aliyetaka kujisaidia alimwita mwenzake amshikie nguo iwe pazia. Diwani aliwaona wawili wakifanya hivyo, mmoja ndani, mmoja nje ameshika nguo na kutazama pembeni kama anayengoja usafiri. Alitema mate. Halafu akaona aibu kwamba ametema mahali ambapo wenzake wanauza chakula.

Huyu mwenzake aliyekufa, ndugu zetu wa barazani walimpachika jina la Mheshimiwa Vyoo. Walidhani wanamkejeli, yeye akaitika. Mkewe alikuwa na meza ya nyanya na vitunguu hapo sokoni, naye ni mmoja wa hao wanaoshikiana nguo. Kwa hiyo kila kikao, kiwe cha barabara au cha taa, yeye alisimama na kuuliza vyoo vya soko vimefikia wapi. Wajumbe walicheka mpaka wakachoka kucheka, na walipochoka wakapitisha. Fedha zikatengwa, fundi akaja akapima, akachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Wiki hiyohiyo moyo wa Mheshimiwa ukasimama akiwa anafunga viatu. Diwani alilia msibani kama aliyefiwa na kaka wa tumbo moja, maana ndivyo walivyoitana, dada na kaka, na mkewe akamwita wifi.

Vijiti vilikuwa bado vipo pale. Kimoja kilikuwa kimefungwa mbuzi.

Na Diwani alikuwa na sababu ya kuharakisha. Siku mbili nyuma Mwenyekiti wa baraza alikuwa amemvuta pembeni kwenye korido, akamshika kiwiko kwa ule upole wake wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamwambia wamefikiria namna ya kumuenzi marehemu. Ukumbi mpya wa baraza umekwama: viti vya ngozi vimekuja, mapazia yamekuja, lakini dari na vigae bado. Sasa, zile fedha za vyoo vya soko zihamishiwe ukumbini, na ukumbi uitwe kwa jina la marehemu. Diwani alipokataa, Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

"Dada yangu, unataka jina la mheshimiwa mwenzetu tukaliandike chooni?"

Diwani alimjibu kwamba marehemu asingeona shida hata kidogo. Mwenyekiti akacheka, akasema watu wakishakufa wanastahili vitu vizuri.

Diwani alijiandaa. Alisimama mbele ya kioo cha kabati akasema maneno yake mpaka mumewe akamuomba alale. Angewaeleza wajumbe juu ya wanawake wanaoshikiana nguo. Angewakumbusha kwamba walishapitisha wenyewe, kwa miguu yao wenyewe. Maana katika baraza hilo kura haikupigwa kwa karatasi wala kwa kunyoosha mikono. Mikono iliachwa zamani, baada ya diwani mmoja kugundulika ananyoosha yote miwili. Sasa anayeafiki husimama, anayekataa hukaa, na Katibu anatazama vichwa.

Kikao kilifunguliwa katika ukumbi wa zamani. Diwani alikuta kiti cha marehemu, kando ya chake, kimewekwa ua la plastiki. Aligeuka kutazama viti vya wageni nyuma, akamwona wifi yake amekaa peke yake, kajifunga nguo yake ya sherehe, mikono magotini. Walikuwa wamemwalika. Hilo Diwani hakulijua, na lilimtia baridi. Alimpungia, wifi akampungia.

Ripoti zikasomwa. Umekamilika, umekamilika, umekamilika. Diwani akawa anangoja hoja ya ukumbi, maneno yake yamejipanga kooni. Mwenyekiti akafunga faili, akavua miwani, akashusha sauti mpaka ikawa sauti ya msikitini au kanisani.

"Waheshimiwa, leo tuko na mjane wa mwenzetu. Tusimame dakika moja tumkumbuke marehemu."

Diwani alikuwa wa kwanza kusimama. Alinyanyuka kabla neno halijaisha, kiti kikalia sakafuni nyuma yake, na machozi yalikuwa tayari yamefika. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakifunga vifungo vya makoti. Kule nyuma wifi naye akasimama. Diwani alitazama lile ua la plastiki akamkumbuka kaka yake alivyokuwa akipiga chafya kila wakitoka kunusa, na akawa mbali kabisa na mahali pale.

Sauti ya Mwenyekiti ikamrudisha. Alikuwa akisoma, polepole, bila kuinua macho. Kwamba kwa heshima ya marehemu baraza linaupa ukumbi mpya jina lake. Kwamba fedha za mradi wa soko zitumike kukamilisha ukumbi huo ili heshima isichelewe. Kwamba wanaoafiki wanaombwa kubaki wamesimama, na asiyeafiki akae.

Diwani alielewa palepale. Mtu amemchukua maiti akamgeuza mtego, na yeye ameingia mzimamzima, akilia. Kukaa ilikuwa kazi ndogo tu, kupinda magoti. Kiti kilikuwa nyuma yake. Lakini nani angekaa? Nani angekaa chini katikati ya dakika ya marehemu, mbele ya mjane wake, wakati ukumbi mzima umeinamisha vichwa? Wangesema ameshindwa hata kumpa kaka yake dakika moja. Na wifi, ambaye hajui taratibu za baraza, angeona nini? Angeona rafiki wa mumewe anakaa.

Sema, alijiambia. Lakini maneno aliyoyapanga yalikuwa ya mtu anayesimama kuzungumza, na yeye alikuwa amesimama tayari, pamoja na wote. Alihesabu kwamba akianza kuzungumza sasa itaonekana anapigana msibani. Aliona shingo ya diwani aliye mbele yake, nene, yenye jasho, na aliichukia shingo ile kama ndiyo iliyotunga hila yote. Akabaki wima.

"Hoja imepita kwa kauli moja," Mwenyekiti alisema. "Tuketi."

Walipumzika kwa soda. Wajumbe walimzunguka Diwani, wakampa mikono, wakamwambia wameona alivyoguswa. Mwenyekiti mwenyewe alimletea chupa na kumfungulia. Diwani aliishika bila kunywa. Alijichukia kiasi kwamba alitamani kujifuta kama anavyofuta soli ya kiatu kilichokanyaga uchafu.

Wifi alimkuta nje, kwenye ngazi. Alikuwa ameshaivua nguo ya sherehe na kuikunja, chini yake amevaa gauni la kazi.

"Wifi, zile fedha za soko alizozisema, ndizo za vyoo?"

Diwani akasema ndizo.

"Nilifikiri hivyo." Wifi aliikunja nguo tena, ingawa ilikuwa imekwisha kukunjwa. "Alipoanza kusoma, nilisikia soko. Nikasikia anayekataa akae. Mimi ni mgeni pale, sikujua kama mgeni anaruhusiwa. Nikawa nakutazama wewe tu. Nikasema, wifi akikaa, na mimi nakaa, tuone watasema nini."

Diwani alijaribu kusema kwamba alibaki amesimama kwa ajili yake, kwamba alichelea kumwumiza. Sentensi ilianza vizuri, kisha ikamfia mdomoni, maana hata yeye aliisikia inavyonuka.

Mlangoni Mwenyekiti akawaita. Mpiga picha alikuwa tayari, alisema, na wangependa picha moja ya mjane akiwa na rafiki mkubwa wa marehemu.

"Nenda wewe," wifi alisema, bila ukali wowote. "Wewe ndiye uliyesimama wa kwanza."

Akaiweka nguo kwenye mfuko, akashika njia ya sokoni.